Alaso Humpigia Nani Goti?

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo katikati ya mahubiri. Ilipiga mabati mpaka Mchungaji Odwori akanyamaza, akakunja mikono na kusubiri ipungue. Watu waliinua mikono kushukuru. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Daftari hili nitaliandika kwa Kiswahili, nilichokipata shule ya msingi nilipokuwa nikikaa kwa mjomba, Busia ya upande wa Kenya. Hapa Mella, upande wa Uganda, kwa Bibi hakuna wa kukisoma. Bibi husoma Dhopadhola, lugha yetu, tena kwa kidole na kwa sauti. Kwa hiyo naweza kuandika jambo ambalo sijamwambia mtu. Nina miaka kumi na sita, nimekuwa kanisani tangu nikibebwa mgongoni, na sijawahi kuhisi kuna anayenisikiliza ninaposali. Mchungaji anasema kila binadamu amezaliwa akimjua Mungu, na asiyehisi hivyo amejiziba mwenyewe. Ama mimi nimejiziba, ama yeye anatuambia asichokijua. Nataka kujua ni lipi.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepanda karanga baada ya shule. Alaso hupanda haraka kuliko mimi na hafukii mbegu ovyo. Huyu ni binamu yangu, ana miaka tisa. Homa ilimchukulia masikio kabla hajaanza kutembea, kwa hiyo hasikii, wala hajawahi kusema neno. Mama yake, shangazi Proscovia, alikwenda Arabuni kufanya kazi za ndani mwaka juzi. Mara moja moja hupiga kwenye simu ya Bibi, ile ndogo ya vitufe, nasi hupokezana. Alaso hututazama midomo mpaka tumalize, kisha huenda zake kwa mbuzi.

Jumamosi, 15 Machi

Jana Mchungaji alikuja kumwombea Bibi miguu, mvua ikamkuta hapa. Maji yalifunika daraja, akashindwa kurudi Busia, akalala sebuleni. Leo asubuhi nilikuwa nawasha moto jikoni nikasikia mlango. Mchungaji alikuwa amesimama kizingitini na soksi tu, mkono mmoja mdomoni, akitazama uani.

Alaso alikuwa amepiga magoti kwenye pengo la ua wa minyaa, pale njia inapotokea barabarani. Viganja vyake viwili alikuwa amevikinga mbele, kama anayepokea maji. Uso ulielekea kunakokucha. Nimemwona hivyo mara nyingi tangu nihamie hapa Januari kutoka kwa wazazi wangu Tororo, nikadhani ni mchezo wa mtoto asiye na wenzake.

"Nani amemfundisha?" Mchungaji aliuliza kwa sauti ya chini, utadhani Alaso angesikia.

"Huyo hafundishiki," Bibi alijibu kutoka ndani. "Tunamwonyesha chakula, maji, mbuzi, njoo, nenda. Basi."

"Hufanya hivi kila siku?"

"Kila kukicha."

Mchungaji akashuka uani, akapiga magoti kwenye matope na soksi zake.

Jumapili, 16 Machi

Nilijua atahubiri hilo, na alilihubiri. Alimwita Alaso mbele, akamshika bega. Alaso alikuwa anatazama waya wa kipaza sauti.

"Mtoto huyu hajasikia wimbo," Mchungaji alisema. "Hajasikia mahubiri. Hakuna aliyewahi kumtajia jina la Mungu, kwa sababu hakuna jina linaloweza kuingia humu." Akagusa sikio la Alaso. "Lakini kukicha tu, anapiga magoti. Sasa niambieni nani alimfikia kabla yetu."

Watu wakaguna. Akaendelea kwamba kumjua Mungu ni kama mtoto mchanga anavyojua titi, hakwenda shule ya kunyonya. Kelele za dunia ndizo hufunika ujuzi huo, na Alaso amelindwa na kelele. Ndiyo maana hatuna haja ya kudaiwa ushahidi na wasomi. "Kuna anayemdai mama yake cheti kabla ya kumwita mama?"

Wakacheka na kupiga makofi. Mimi pia nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumapili, 23 Machi

Nimefikiri wiki nzima. Mtoto hapigi magoti bure. Kuna mtu amemwonyesha, na mtu huyo ananyamaza kwa sababu kunyamaza kunamfaa.

Kanisani hakuliona goti hilo. Sisi husali tumesimama, mikono juu, macho yamefumbwa, na hakuna anayekinga viganja. Kwa hiyo labda ni Bibi. Tangu Mchungaji alale hapa tumeletewa sukari ya Kenya, na turubai limefungwa juu ya jiko letu lililokuwa likivuja. Ama ni Mchungaji mwenyewe, aliyewahi kufika hapa kabla sijahamia. Ama ni Mama Aziz.

Mama Aziz ni jirani, jina lake Hasifa. Mumewe huendesha trela kutoka Mombasa, na yeye huuza viatu vya mitumba soko la Busia. Ni Mwislamu, huamka alfajiri kuswali, na ua wetu na wake ni mmoja. Mtoto anayeona tu, bila kusikia, angeiga anachokiona. Nilipofikia hapo nilitamani kucheka. Kanisa zima linalia machozi kwa sala ya mtoto, kumbe ameipata kwa Mama Aziz.

Lakini sikucheka. Nilitaka isiwe hivyo. Nilitaka Alaso awe anamjua Mungu kweli, bila kufundishwa, ili kuwe na mtu mmoja wa hivyo ninayemwona kwa macho.

Jumatatu, 31 Machi

Nimebaki darasani kumwuliza Mwalimu Oboth, anayetufundisha dini. Ilinichukua muda kuanza, mpaka akadhani nimefiwa.

"Wakristo hawakubaliani wote kwa hilo," alisema. "Wapo wanaosema tumezaliwa tukimjua Mungu. Wapo wanaosema tumezaliwa na uwezo tu, kama mtoto anavyozaliwa na uwezo wa kusema na bado hajui neno. Wapo wanaosema lazima utoe sababu, na wapo wanaosema imani ikiwa salama moyoni haihitaji sababu. Wote husali na kushiriki sadaka."

"Na wewe, mwalimu?"

"Mimi husahihisha mitihani."

Nikatabasamu. Nikamweleza habari za Alaso, nikitumaini ataniambia ni kundi lipi limeshinda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Kwa nini hayuko shuleni?"

Hakuna aliyewahi kuuliza. Alisema kuna shule Tororo yenye kitengo cha watoto viziwi, na shemeji yake, Mwalimu Rukiyah, anafundisha huko. Atamuuliza kama kuna nafasi.

Ijumaa, 4 Aprili

Ipo. Mtoto mmoja amehama. Ataingia muhula wa pili unapofunguliwa, tarehe 26 Mei. Asipofika siku hiyo, nafasi anapewa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ni wengi. Mwalimu Oboth ameniambia nimwambie Bibi leo.

Sikumwambia.

Jumapili, 6 Aprili

Bado sijamwambia. Sababu yangu naiandika hapa kwa kuwa hakuna atakayeisoma. Mwalimu Rukiyah akianza kumfundisha Alaso ishara, kila atakachofanya baada ya hapo kitakuwa cha kufundishwa. Nataka kwanza nijue goti lile linatoka wapi. Siku chache tu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeamka kabla ya Alaso, nikajificha nyuma ya jiko. Aliamka peke yake. Hakumtazama mtu. Alitoka, akafuta miguu kwenye umande, akaenda kwenye pengo la ua, akapiga magoti, akakinga viganja. Alikaa hivyo mpaka trela za kwanza zilipoanza kupita kwenda mpakani Malaba. Kisha akatazama ndani ya viganja vyake, akavifuta kwenye gauni, akaenda kufungua mbuzi.

Kwa nini alitazama ndani ya viganja?

Alhamisi, 10 Aprili

Wimbi la uji limeota vizuri shambani. Nimelima na Bibi mstari kwa mstari, nikamuuliza kama ndiye aliyemwonyesha Alaso kusali.

"Mimi?" Bibi alisimama, akashika kiuno. "Babu yangu alikuwa na kijumba cha Were, Mungu wa wazee wetu, pale uani, cha udongo, na alikufa hajaona padri. Were wa uani anakaa na nyumba. Were wa porini anakwenda na msafiri. Hayo nilikuta watu wanayajua. Sasa Mchungaji anaponiambia watu huzaliwa wakijua, ananiuzia kuku wangu mwenyewe."

"Kwa hiyo hukumfundisha."

"Palilia, mjukuu wangu."

Hilo halikuwa jibu.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wiki hii kila asubuhi kuna watu wa kanisa kwenye njia yetu kabla ya jua, wamejifunika kanga, wanamtazama Alaso akipiga magoti. Huleta mayai na ndizi. Watoto waliokuwa wakimtupia mabunzi ya mahindi na kumwita bubu sasa wanampisha kisimani.

Leo Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni, kutakuwa na mkutano mkubwa uwanjani Busia, na Alaso atasimama jukwaani. Baada ya ibada nilijikaza, nikamwambia Bibi habari za shule mbele ya Mchungaji. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie.

Mchungaji hakukasirika. Alichuchumaa mbele yangu kama baba.

"Syprose, ni jambo jema. Lakini lisubiri Pentekoste ipite. Akifundishwa sasa, hatutajua tena alichopewa na Mungu na alichofundishwa na watu."

Ni maneno yangu mwenyewe, yale ya tarehe sita. Nilikuwa nikimshuku kwamba anamtumia mtoto, na mimi nimemtumia kabla yake.

"Nafasi haitasubiri mpaka Juni," nilisema.

"Mungu akifungua mlango hakuna wa kuufunga," alisema, akainuka. Bibi hakusema kitu.

Alhamisi, 24 Aprili

Turubai limeanza kuchuruza upande mmoja.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimesingizia tumbo, sikwenda kanisani. Mama Aziz alikuwa akianua viatu vyake jua lilipotoka kidogo. Nilizunguka kwenye ua nikamsaidia kupanga jozi, na nikiwa nimeinama nikamuuliza kama amemfundisha Alaso kuswali.

Aliacha kiatu mkononi. "Wewe mtoto. Unaniuliza mimi?"

"Nauliza tu, Mama Aziz."

"Mimi nasujudu. Paji ya uso iko chini kwa mkeka. Ya Alaso iko chini?" Akanyoosha kiatu kuelekea kwetu. "Na Makka iko kule, nyuma ya banda ya mbuzi yenu. Yeye anaangalia barabara. Nani anaswali kwa kuangalia trela?"

Nikageuka kutazama barabara.

"Huyu anasalimia," akasema. "Wewe ni msichana wa Mella, hujui goti ya kusalimia?"

Hilo nalijua. Hata mimi humpigia Bibi goti kila nirudipo kutoka shule. "Lakini hakuna mtu pale."

"Sasa hakuna. Zamani alikuwako." Alianza tena kupanga viatu, bila kunitazama. "Mimi na Proscovia tulikuwa tunauza pamoja Busia. Tunalala kwa stoo, asubuhi sana tunarudi na lori ya nyanya. Anashuka hapo, anaingia kwa hiyo tundu ya ua. Mtoto anapiga goti, anasalimia mama yake, mama anamwekea mandazi kwa mkono. Kila siku ya soko. Halafu mama akaenda Arabuni, mtoto akabaki na goti yake. Nilidhani nyumba yote inajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Tangu watu wa kanisa waanze kujaa hapo asubuhi, salamu yangu inajibiwa nusu."

Jumanne, 29 Aprili

Nimeyageuza maneno ya Mama Aziz kila upande. Yanaingia kama ufunguo. Lakini Mchungaji naye maneno yake yalikuwa yakiingia. Mama Aziz hapendi kelele za wageni alfajiri, anaweza kuwa ametunga. Na hata kama Alaso alianza kwa kumsalimia mama, nani anajua anamsalimia nani sasa? Ni miaka miwili. Ningeweza kumuuliza mwenyewe, na siwezi, kwa sababu hajui ishara ya kuuliza wala ya kujibu.

Ipo njia moja ya kujua.

Jumamosi, 3 Mei

Sikutaka kuandika leo, lakini nisipoandika nitajidanganya baadaye kwamba ilikuwa vingine.

Jana Bibi alipokuwa shambani nilifungua sanduku lililo chini ya kitanda chake. Nikatoa sweta jekundu la shangazi Proscovia na kanga yake ya kichwani. Shangazi na mimi tunalingana kimo. Nilinunua mandazi kwenye kibanda cha barabarani. Watu wa kanisa hawaji Jumamosi, wana maombi ya kufunga, kwa hiyo nilijua njia itakuwa tupu.

Nilitoka kabla hakujapambazuka vizuri, nikazunguka kwa nyuma mpaka barabarani. Ukungu ulikuwa mzito baada ya mvua. Nikajitwika kikapu, nikaingia njia yetu polepole, kama mtu aliyetoka kazini.

Alaso alikuwa pale, amepiga magoti. Aliniona kutoka mbali. Kwanza hakusogea. Halafu akainuka. Sikujua anaweza kukimbia vile. Alinigonga kiunoni kikapu kikaanguka, akanikumbatia kwa mikono yote miwili, uso ameuzika kwenye sweta, ananusa, na kifuani kwake kulitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia. Haikuwa kilio. Ilikuwa kama mtu anayesukuma mlango mzito.

Nilisimama tu. Nilikuwa nimepanga nitazame atafanya nini, na nilitazama.

Kisha akainua uso, akaniona.

Hakulia. Alinitazama mimi, akalitazama sweta, akanitazama tena. Nikamnyooshea mandazi kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Akayapokea, akayashika kidogo. Akafungua kiganja changu, akayarudisha humo, akavifunga vidole vyangu juu yake. Akaenda kukaa kwenye banda la mbuzi.

Nilitaka kujua, na sasa najua.

Jumapili, 4 Mei

Hakupiga goti leo.

Jumatatu, 5 Mei

Hakupiga goti.

Jumatano, 7 Mei

Watu wa kanisa wamekuja siku tatu mfululizo, wamekuta uani patupu na Alaso amelala. Mwanamke mmoja amesema kuna aliyemtupia mtoto jicho baya. Wote waligeuka wakatazama nyumba ya Mama Aziz.

Nilikuwa nimebeba ndoo. Ningeweza kusema pale pale. Nikaingia jikoni na ndoo yangu, wakaondoka.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia Bibi kila kitu. Nilipiga magoti jikoni, nikaeleza sweta, mandazi, na aliyoniambia Mama Aziz. Nilisubiri anipige kwa mwiko.

"Unafikiri sikujua?" alisema.

Moshi ulikuwa mwingi, sikumwona uso.

"Ni binti yangu aliyekuwa akiingia pale. Ni mimi niliyekuwa nikiwasha moto huu huku nikiwaona wote wawili. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Na Mchungaji alipouliza?"

"Aliuliza nani kamfundisha. Hakuna aliyemfundisha. Nikajibu alichouliza." Akaondoa sufuria. "Kabla ya Mchungaji kuja, mtoto huyu alirudi kisimani na damu kichwani. Mara ngapi? Mimi ni mzee, siwezi kwenda naye kila mahali. Mchungaji akasema ni mtoto wa Mungu, watu wakaacha mawe, wakaleta mayai. Wewe ungesema kitu?"

Nimemshuku Bibi kwa sukari na turubai, wakati alikuwa akinunua njia salama ya kwenda kisimani.

"Lakini shule, Bibi."

"Shule sikuijua. Niliijua Pasaka, na tangu Pasaka silali vizuri. Akiwa shule analala huko. Akitoka hapa, nani atanirudishia?"

Hilo ndilo lilikuwa nyuma ya ukimya wake. Mmoja amekwenda na hajarudi.

Jumapili, 11 Mei

Mchungaji alikuja baada ya ibada, peke yake. Bibi alinitazama, nikaelewa kwamba ni mimi wa kusema. Nilisema yote nikitazama kikombe chake. Nilisema pia kwamba Mama Aziz hakumtupia mtu jicho baya, ni mimi niliyesababisha.

Nilisubiri ageuze maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Akavua miwani, nikaona macho yamelowa, nikakasirika, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

"Nimehubiri kwa miaka mingi sana," alisema. "Unajua, mtu anaweza kuhubiri hivyo huku anaogopa kwamba anaongea peke yake chumbani. Nilipomwona pale kwenye pengo, nikasema, asante, kumbe si peke yangu."

Sikujua mtu wa kanisa anaweza kusema hilo kwa mdomo. Nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza kama siri yangu.

Kisha akavaa miwani tena. "Lakini nikuulize, Syprose. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba mama yake yuko hai. Haoni dalili, hasikii habari. Bado kila kukicha alipiga goti na kukinga mikono. Miaka miwili. Alipata wapi uhakika huo?"

Nilifikiri. "Labda hakuwa na uhakika. Labda alikuwa anauliza."

"Na nani alimwambia kuna wa kuulizwa?"

Nimeandika swali lake vilevile alivyolisema, kwa sababu ni zuri kuliko mahubiri yake.

"Basi tumpeleke shule," nilisema. "Akijua maneno, tumuulize yeye."

"Labda ataanza tena kupiga goti. Mwacheni mpaka Pentekoste, watu wamekwisha kualikwa."

Hapo Bibi akaingia. "Mchungaji, turubai lako nitalifungua kesho."

"Mama, kunanyesha. Liache."

"Basi umeliacha wewe, nisije nikaambiwa baadaye nimekula cha kanisa nikawanyima mtoto."

Waliangaliana. Mchungaji alikuwa wa kwanza kutazama chini. Alikunywa chai yake yote, akashukuru, akaaga. Mlangoni alimpungia Alaso mkono. Alaso hakumpungia.

Jumatano, 14 Mei

Tumepalilia karanga mara ya pili. Mama Aziz amekuja na Bibi amemwekea kigoda.

Alhamisi, 22 Mei

Bibi amesema ndiyo asubuhi, hapana mchana, jioni ameshona jina kwenye blanketi.

Jumatatu, 26 Mei

Tumempeleka. Baba alitusubiri langoni, maana yeye na mama wanakaa Tororo mjini. Mama Aziz ametoa viatu viwili vya shule vilivyokaribia kufanana.

Mwalimu Rukiyah alichuchumaa, akamwonyesha Alaso ishara, akagusa kifua chake mwenyewe. Alaso akamtazama mkono, halafu uso, halafu mkono. Tulipoondoka alidhani tunarudi naye. Alishika gauni la Bibi. Hatukuwa na ishara ya kumwambia tutarudi. Ilibidi tumbandue vidole, kimoja kimoja.

Bibi aliishika mikunjo hiyo ya gauni mpaka Mella.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Sikwenda Busia. Wanasema uwanja ulijaa nusu, na Mchungaji alihubiri kifupi kuliko kawaida.

Mwalimu Rukiyah ametuma picha za ishara kwenye simu ya Mama Aziz. Nimejifunza mbele ya kioo: mama, kazi, mbali, hai, rudi, ngoja. Nimejaribu kusali baadaye, mikono ikiwa bado inauma. Sikuhisi kitu. Nilikaa hapo kidogo zaidi kuliko kawaida.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya wazazi kutembelea. Mvua imekatika, karanga ziko juani, kwa hiyo Bibi alibaki kuzilinda dhidi ya kuku, nikaenda mimi.

Alaso alikuja akikimbia na wasichana wawili, wote wakizozana kwa mikono. Amenenepa. Aliponiona alisimama mbali kidogo. Alinikagua nguo kwanza, sketi na blauzi. Zilikuwa zangu. Ndipo akasogea, akapiga goti kunisalimia, nami nikamwinua.

Tulikaa kwenye nyasi na Mwalimu Rukiyah. Alaso akanionyesha ishara za mbuzi, maji, mpira, na ya mwalimu mkuu ambayo nadhani wameitunga wenyewe, maana Mwalimu Rukiyah aligeuka kando kucheka. Kisha akaacha kucheza. Akafanya ishara mbili, polepole, ili nisikose. Nilizijua zote mbili. Mama. Wapi.

Nilikuwa nimejiandaa, nikajibu kwa mikono. Mama yuko hai. Yuko mbali. Anafanya kazi. Atarudi, lini sijui.

Alifuata kila ishara kwa macho. Nilingoja afurahi. Alikunja uso, akageukia mikono yangu tena, kama anayesahihisha hesabu. Akafanya ishara tatu za haraka ambazo sikuzipata.

"Anakuuliza unajuaje," Mwalimu Rukiyah alisema. "Mjibu yeye. Usinitazame mimi."

Nilifungua mikono kusema nimemsikia kwenye simu, ni sauti yake, naijua. Nikaishusha. Ni sababu nzuri, na inanitosha mimi, lakini kwake hakuna kitu kinachoitwa sauti. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimeingia kwa masikio.

Alaso alingoja. Hakunisaidia, wala hakuondoa macho.

Mwishowe nilitumia ishara nilizokuwa nazo na nyingine nikazibuni. Mama anaongea mbali. Mimi napata hapa, nikagusa sikio. Wewe hupati. Mimi si mama. Nilivaa nguo za mama, nilikosa. Leo sikudanganyi.

Akasogea, akaweka kiganja chake chote kooni mwangu, kama wanavyofundishwa darasani kuhisi sauti. Kwa mkono mwingine akafanya ishara ya mama, akauonyesha mdomo wangu kwa kidevu, nimtaje.

"Proscovia," nilisema.

Akasikiliza kwa mkono. Akatikisa kichwa kidogo, si kukataa, si kukubali. Akanigonga kooni kwa kidole: tena.

"Proscovia."

Tena.